Mashine Iliyogoma Kukamua

Mama ndiye aliyeigundua hitilafu kabla yangu, naye alikuwa kitandani. Kiharusi kilimpooza upande wa kushoto, lakini masikio yake yalibaki makali kuliko yangu. Nilikuwa jikoni nasonga posho aliponiita.

"Leo haijapanda."

"Nini, mama?"

"Mashine. Imefua, imemwaga maji, ikanyamaza. Haijapanda kabisa."

Kupanda ndilo neno lake kwa ule mlio wa kukamua, unaoanza chini kama mtu anayeguna, kisha ukapaa mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Nikaenda kufungua mlango wa mashine. Mashuka manne yalikuwa yamejiviringisha chini ya pipa, yamelowa chapachapa, na nilipoinua moja maji yalinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Tunakaa Oli, hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Mama alizaliwa Bunia, huko Kongo, akaolewa upande huu wa mpaka, kwa hiyo nyumbani tumekua na Kiswahili. Ukitoka uani unakutana na Kilugbara, Kinubi na Kiswahili cha kila namna. Mvua ya huku haina misimu miwili kama ya Kampala. Ikishaanza mwezi wa nne inaendelea hadi wa kumi na moja, na kuanzia Agosti inakuwa nzito. Shuka lisilokamuliwa vizuri mwezi huo linakaa kwenye kamba siku mbili na kuanza kunuka uvundo kabla halijakauka. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hawezi kulazwa juu ya unyevu: ngozi inalainika, inachubuka, kidonda cha kulalia kinaanza. Nilikuwa nimeshapambana na kidonda kimoja cha namna hiyo kiunoni mwa mama kwa wiki saba, nikaapa kwamba cha pili hakitakuja. Ndiyo sababu niliuza mbuzi wawili, nikaongeza akiba, nikanunua mashine kuukuu kwa shilingi 600,000 kutoka kwa mfanyabiashara anayepokea mizigo ya kontena inayopitia Mombasa. Ni ya kufungulia mbele, ya kilo 6, na mlangoni imeandikwa 1200, yaani mizunguko ya pipa kwa dakika inapokamua kwa nguvu zote. Nguo zikitoka hapo unazianika chini ya kibaraza mvua ikinyesha na jioni unazitandika.

Jioni ile nilikamua mashuka manne kwa mikono. Anayejua uzito wa shuka la pamba lililonywa maji hahitaji kuelezwa.

Kesho yake nilianza na chujio, kwa sababu ndilo nililokuwa nimewahi kulisikia. Liko nyuma ya kimlango kidogo chini kulia. Unaweka sinia bapa, unalifungua polepole, maji yaliyobaki yanatoka. Nilitoa sarafu ya shilingi 200, kifungo, pini ya nywele na tope jekundu la Arua lililogandamana kama udongo wa kufinyangia. Nikafurahi, nikaamini nimemaliza. Na kweli chujio lililoziba ni sababu kubwa ya mashine kutokamua: maji yakibaki ndani, mashine nyingi hazithubutu kuzungusha pipa kwa kasi, maana uzito ule wa maji ungeng'oa kila kitu. Lakini haikuwa shida yangu. Mama alikuwa ameshaniambia kwamba maji yalimwagwa. Alinipa ushahidi mkononi nami sikuuchukua kama ushahidi. Niliuchukua kama maneno ya mgonjwa. Hilo bado linaniuma.

Nikamwita fundi wa mjini. Aliwasha, akaona pipa linazunguka taratibu wakati wa kufua, akasema mota ni nzima kwa hiyo bodi, ile sakiti inayoiongoza mashine, ndiyo imekufa. Bodi nyingine ilitakiwa iagizwe kwa shilingi 380,000, nusu ilipwe kabla. Hakufungua hata kifuniko cha nyuma. Sitamlaumu kwa kutojua. Kila mtu ana mipaka yake. Ninachokikataa ni kumtaka mtu pesa kabla ya kupima. Nilimwambia nitafikiri, na usiku ule nilifikiri kweli, nikihesabu mbuzi waliobaki.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, fundi umeme mstaafu wa jeshi, ambaye Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na kilichonyooka. Alikuwa amekuja kumjulia mama hali. Nilipomsimulia habari ya bodi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Ilifika wapi?"

"Nani, Mzee?"

"Mashine. Kukamua ni mwisho wa safari. Kabla ya hapo kuna vituo. Maji yatoke. Mlango ujifunge. Nguo zijipange pande zote. Halafu mota ipewe umeme, mota izungushe mkanda, mkanda uzungushe pipa. Usiniambie kilichokufa, binti. Niambie ilifika kituo gani ikasimama."

Tukaketi vibao viwili mbele ya mashine, tukaiwasha na mashuka matatu, tukaitazama kama watu wanavyotazama mpira. Mlango ulijifunga, tak. Maji yakaingia. Pipa likazunguka kulia, likapumzika, likazunguka kushoto. Mara ya nne halikuzunguka. Mota ilitoa mlio mfupi, kimya. Mara ya tano likazunguka tena lakini kwa uvivu. Mzee akainua kidole. Maji yakatoka yote. Ilipofika wakati wa kupanda, pipa lilianza, likazigawanya nguo vizuri, likaongeza mwendo kidogo, kisha likalegea kama mtu aliyekatwa pumzi. Likajaribu mara tatu. Kutoka nyuma ikaja harufu kama ya waya ulioungua na vumbi.

"Haikugoma kukamua," akasema. "Imechoka tangu kwenye kufua. Kule kuna nafuu, mwendo ni mdogo, kwa hiyo hukuona."

Kabla ya kugusa chochote alichomoa plagi akaniwekea mapajani. "Ishike wewe. Plagi isikae mbali na macho ya mtu anayeingiza mkono ndani." Tukafunga bomba la maji, tukasubiri kama dakika kumi ili umeme uliobaki ndani uishe, ndipo akaanza na bisibisi.

Kifuniko cha nyuma kikatoka. Kuna puli, yaani gurudumu kubwa lililofungwa kwenye pipa, mkanda mwembamba wenye mifereji, na chini yake mota. Mkanda ulikuwa mahali pake, haukupasuka wala kung'aa kwa kuteleza. Pipa kwa mkono lilizunguka laini bila kukwaruza, kwa hiyo beringi, zile gololi zinazolibeba pipa lizunguke, zilipona kwenye kesi hiyo. Alinifanya nipige picha za waya kwa simu kabla ya kuchomoa kiungo cha mota, kisha bolti mbili, na mota ikatoka, nzito kama kichwa cha ng'ombe.

Mota ya aina hii inapata umeme wa sehemu inayozunguka kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi hadi vikagusa silinda ya shaba. Vinasuguana siku zote, na kazi yake ni kuisha, kama kandambili. Mzee aliweka mita kwenye nyaya za kaboni mbili akaniambia niizungushe mota kwa vidole. Mita ilisoma omu 3, maana yake umeme unapita, ikatoweka, ikarudi, ikatoweka. Akazichomoa. Moja ilibaki na milimita 8 na nyingine 11, na springi ilikuwa imekwisha kunyooka, haina tena nguvu ya kusukuma. Mota ikienda polepole, kaboni hizo bado zinaigusa shaba kwa kuchechemea. Ikitakiwa kukimbia, zinarukaruka, umeme unakatika, cheche zinatoka. Ndiyo harufu ile.

Bodi ilikuwa nzima, na ni nzima hadi leo.

Kaboni hazikupatikana Arua siku ile. Tulipima unene, upana na urefu, milimita 5 kwa 12.5, na za kununua ziwe na urefu wa 36. Tukapiga picha ya kibandiko cha mota na ya namna waya unavyotoka kwenye kaboni, maana ukikosea hapo hazikai kwenye kishikizo. Mdogo wangu anasoma Kampala. Nilimtumia picha na pesa, akashuka hadi kwa mafundi wanaosuka mota Katwe, akapata jozi moja kwa shilingi 45,000. Bahasha ilipanda basi la usiku, ikapita Karuma, ikavuka Nile pale Pakwach, na asubuhi nilikuwa stendi nikiipokea kwa kondakta. Siku tatu hizo nilikuwa nimekamua kwa mikono hadi vidole vikakataa kufunga vifungo vya blauzi.

Mzee alisugua silinda ya shaba kwa msasa laini sana, akitumia mkono mwepesi, akafuta vumbi jeusi lote kwa kitambaa kikavu. Kaboni hubadilishwa zote mbili hata kama moja inaonekana nzuri. Ncha yake imekatwa kwa mshazari, kwa hiyo upande una maana. Ukigeuza, itagusa kwa ukingo tu. Tulipofunga kila kitu hakuniruhusu kuweka nguo. Tuliizungusha tupu kwa mwendo wa chini, kisha wa kati, ili kaboni zijichonge zifuate mviringo wa shaba. Cheche chache za mwanzo ni za kawaida, alisema, kama kiatu kipya kinavyobana.

Halafu mashuka manne. Tulikaa kimya wote. Mlio ukaanza chini, ukapanda, ukapanda, dirisha likaanza kutetemeka, na kutoka chumbani nikasikia mama akigonga ukuta kwa mkono wake wa kulia, mara tatu, kama anayeshangilia.

Ningependa kusema kwamba kuanzia siku hiyo nilijua. Miezi minane baadaye, mvua za kwanza zilipoanza, nilifungua mlango nikakuta mashuka yamelowa chapachapa vilevile. Sikuketi kwenye kibao, wala sikuuliza lolote. Nilimpigia mdogo wangu palepale: kaboni, jozi moja, leo hii. Shilingi 45,000 nyingine, basi lingine la usiku. Nikatoa mota mwenyewe, kwa fahari nakiri, kwa kuwa mikono yangu sasa iliweza. Kaboni nilizozikuta ndani zilikuwa na milimita 31. Zilikuwa bado na miaka.

Nilikaa sakafuni na mota mapajani. Dalili ilikuwa ileile, nami nikaona inatosha. Ujuzi wangu mmoja ulikuwa umenifanya kipofu kuliko nilivyokuwa sijui kitu, kwa sababu yule asiyejua angalau hutazama.

Mzee alikuwa Koboko kwa binti yake. Nikampigia. Hakunikaripia, aliuliza lile lile: "Ilifika wapi?" Nikasema sijui. "Basi kuna mtu ndani ya nyumba hiyo anayejua," akasema. "Muulize."

Mama alikuwa anangoja kuulizwa, naamini hivyo.

"Safari hii haikunyamaza," alisema. "Ile ya kwanza ilimwaga maji, ikanyamaza, ikajaribu, ikashindwa. Hii inamwaga, inamwaga, inamwaga. Maji yamekwisha lakini pampu bado inalia, kavu, kama mtu anayenyonya mrija kwenye chupa tupu. Mpaka mwisho."

Nikarudisha mota mahali pake na kaboni zake zilezile, nikawasha, nikaketi. Ilikuwa kama alivyosema. Pampu ilifanya kazi, bomba la nje halikuwa na maji tena, pipa lilikuwa tupu, na mashine ikaendelea kumwaga maji yasiyokuwepo. Ilikuwa imesimama kwenye kituo cha kwanza. Iliamini imejaa.

Mzee alinieleza kwa simu, nami nikaona jinsi kitu kile kilivyobuniwa kwa akili. Mashine haina macho ya kuona maji. Chini ya pipa la nje, lile lisilozunguka linaloshika maji, kuna kijichumba, na kutoka hapo kampira kembamba kanapanda hadi kwenye swichi iliyo karibu na kifuniko cha juu. Maji yakipanda, yanabana hewa iliyomo ndani ya mpira, na hewa hiyo inaisukuma swichi: maji yapo. Maji yakitoka, hewa inalegea, swichi inarudi: maji hayapo, endelea. Sasa mpira ukiziba wakati hewa imebanwa, ile hewa haina pa kutokea. Maji yanaondoka lakini habari ya kuondoka kwake haifiki juu.

Plagi nikaiweka mfukoni mwa sketi. Skrubu mbili nyuma, kifuniko cha juu kikateleza. Nilichomoa kampira kwenye swichi kwanza, kwa onyo la Mzee, maana ukipuliza mpira ungali umeshikana na swichi unaweza kupasua utando wake. Nikapuliza kuelekea chini: ukuta. Nikatoa kijichumba kwa nyuma, na ndani yake mlikuwa na ute wa kijivu, mzito, unaonuka kama kitambaa cha kudekia kilichosahaulika. Niliuosha kwa maji ya moto na brashi kuukuu ya mswaki hadi mwanga ukapita upande wa pili. Kisha nikaweka midomo kwenye tundu la swichi nikapumua kidogo tu, pumzi ya kupoza chai. Tak. Nikaachia. Tak. Sauti hiyo ndogo ilinifurahisha kuliko redio.

Jioni mashuka yalipanda.

Ute ule niliutengeneza mimi. Nilikuwa nafua kwa maji baridi daima kwa kuogopa bili ya umeme, na natia sabuni ya unga kwa gao la mkono, ile ya kufulia kwa beseni yenye povu jingi, nikidhani povu ndilo usafi. Sabuni isiyoyeyuka vizuri hushikamana na mafuta na uchafu wa nguo, ikajenga tabaka kila palipojificha. Na povu lenyewe likizidi linaweza kuizuia mashine kukamua hata bila kitu kuziba. Sasa natia vijiko viwili vya chakula, mashuka ya mama nayafua kwa nyuzi 60, na mara moja kwa mwezi naizungusha tupu kwa maji ya moto. Bili imeongezeka. Naona ni halali yake.

Watu wa mtaani walianza kuniita, na nimejifunza kwamba wengi wa wanaoniita hawana hitilafu yoyote. Blanketi moja zito peke yake haliwezi kujigawa pande zote za pipa, kwa hiyo mashine inajaribu, inaona uzito umeegemea upande mmoja, inaacha. Ongeza taulo mbili na itapanda. Nyumba moja mashine ilikamua mchana ikashindwa kila jioni. Niliweka mita kwenye soketi saa mbili usiku nikasoma volti 178 mahali panapotakiwa 240. Pale hakuna cha kufungua. Wafue asubuhi, au wanunue stebilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme, yenye uwezo wa kubeba mota. Na zile mashine za mapipa mawili, za plastiki, ambazo ndizo nyingi huku, ni ulimwengu mwingine: pipa la kukamulia lina mota yake, na likivuma bila kuzunguka, lakini ukilisukuma kwa mkono likaenda, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachoisukuma mota ianze. Lisipoenda hata kwa kusukumwa, tazama breki iliyo chini yake, inayopaswa kuachia kifuniko kinapofungwa. Kapasita naomba watu waiheshimu: huhifadhi umeme hata baada ya plagi kutoka, na imewahi kumrusha kijana mmoja hapa jirani hadi ukutani.

Kuna jambo moja linalonikasirisha nalo ni beringi. Mashine za zamani pipa la nje limefungwa kwa skrubu. Unalifungua, unagonga beringi mbovu, unaweka mpya na sili yake. Nyingi za siku hizi pipa limegandishwa moja kwa moja, plastiki kwa plastiki, kwa hiyo beringi ya bei ndogo ikiharibika unaambiwa ununue pipa zima, na pipa zima linakaribia bei ya mashine. Kwa maskini huo ni mlango uliofungwa makusudi. Anayenunua kuukuu na achungulie nyuma kwa tochi kabla ya kulipa: ukiona skrubu zimezunguka ukingo wa pipa, mashine hiyo ina maisha mengine mbele yake. Yangu inazo kumi na nne. Nimezihesabu.

Nilizihesabu juzi, kwa sababu mama aliniita tena.

"Inapanda," alisema, "lakini kabla haijapanda inaguna chini. Kama gari la mawe linalopanda mlima. Mwezi uliopita haikuwa hivyo."

Mimi sikusikia kitu. Safari hii sikumpigia mtu yeyote wa Kampala. Nilichomoa plagi, nikafungua mlango, nikashika ukingo wa pipa la ndani kwa mikono miwili nikaliinua. Likacheza kidogo, labda unene wa ukucha. Nikalizungusha taratibu sikio likiwa kwenye bati la ubavuni, na hapo nikausikia mkwaruzo mdogo sana, mkavu, ukirudi kila mzunguko mahali palepale.

Mzee anarudi kutoka Koboko Jumamosi na spana zake. Mpaka hapo nakamua kwa kasi ya 600 tu, nafua asubuhi, na naanika mapema. Kazi ya kulifungua pipa itachukua kutwa nzima, kwa hiyo nimeshawaomba wifi zangu mashuka sita ya akiba. Mama amesema kitanda chake kisogezwe karibu na mlango ili asikie vizuri. Plagi nitaishika mimi.